Kila Gugu na Dawa Yake

Katika kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, mvua za kwanza haziamshi mpunga peke yake. Pamoja nao huota mimea mingine mingi ambayo hakuna aliyeipanda. Mkulima hushika jembe akaingia shambani kupalilia, na aghalabu huo ndio wakati ambapo akiba ya chakula nyumbani imepungua. Hivyo swali linalomkabili si dogo: ni mmea upi aung'oe upesi, na upi auchume aupeleke jikoni?

Gugu ni nini?

Wataalamu wa mimea hawana jamii maalumu iitwayo magugu. Gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Hata mpunga uliojiotea katikati ya kunde ni gugu. Magugu huyapokonya mazao maji, mwanga na chakula cha udongoni. Lakini kila moja lina mbinu yake ya kuishi, na asiyeijua mbinu hiyo huweza kulisaidia gugu akidhani analiangamiza.

Ndago

Mfano mzuri ni ndago, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Cyperus rotundus. Chini ya ardhi ina vinundu vilivyoungana kama shanga katika uzi. Maadamu uzi huo ni mzima, vinundu vingi hulala. Jembe likiukata, vilivyolala huamka na kuchipua, na palipokuwa na mmea mmoja huota kadhaa. Njia bora ni kuufukua udongo wakati wa kiangazi ili jua likaushe vinundu, na kupanda mazao yanayotanda, kwa kuwa ndago hudhoofika kivulini.

Hata hivyo, ndago haikuchukiwa sikuzote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa juu ya ukoga mgumu wa meno ya kale yaliyofukuliwa Al Khiday nchini Sudan, ulionyesha kwamba watu wa huko walikula vinundu vya ndago maelfu ya miaka iliyopita.

Kiduha

Adui mkubwa zaidi wa mahindi, mtama na mpunga wa nchi kavu ni kiduha. Maua yake ni madogo na ya kupendeza, lakini mizizi yake hunyonya mizizi ya mazao. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, ambazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mbegu hizo haziamki mpaka zipate kemikali itokayo katika mizizi ya mmea unaofaa kunyonywa. Kiduha kinapochomoza juu ya ardhi, madhara mengi yamekwisha kutendeka. Kuking'oa wakati huo hakuokoi sana mavuno ya mwaka huo. Lakini kuking'oa kabla hakijatoa mbegu huokoa ya miaka ijayo.

Kunde na karanga husaidia. Mizizi ya baadhi ya aina zake hutoa kemikali ya kukiamsha kiduha, lakini hainyonyeki. Basi kiduha huota na kufa kwa njaa. Samadi nayo hufaa, kwa sababu mmea ulio katika udongo maskini ndio utoao kemikali hiyo kwa wingi.

Mboga zisizopandwa

Kwa upande mwingine, mchicha, mlenda, mgagani na mnavu hujiotea mashambani, na majani yake huupa mwili vitamini na madini. Mkulima mwenye busara huichuma ingali michanga, kabla haijayasonga mazao na kumwaga mbegu. Huko Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia kimezalisha mbegu bora za baadhi ya mboga hizi.

Lakini hadhari ni lazima. Mnanaha, ambao si mnanaa wa kutiwa katika chai, ni sumu kali, na mbegu zake huweza kuchanganyika na nafaka. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na 5 walikufa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu ya mimea ya aina hiyo. Matunda mabichi ya mnavu nayo yasiliwe. Wala mboga zisichumwe mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Jaribio

Wanafunzi wafukue vinundu vya ndago vilivyoungana. Katika chungu cha kwanza wapande mnyororo mzima wenye vinundu 4. Katika cha pili, vinundu 4 vilivyotenganishwa. Wamwagilie sawasawa, na kila wiki wahesabu machipukizi. Kisha waulizane: je, katika shamba la shule, jembe limekuwa likipunguza ndago au likiipanda?