Punda wako hana kiburi, anaumwa mgongo

Punda akigoma katikati ya barabara pale Webuye, wa kwanza kulaumiwa ni punda mwenyewe. Ana kiburi, watu husema, kisha kiboko kinaanza kazi. Mara nyingi shida iko kwenye mkanda.

Kwa kijana anayebeba maji, mchanga au mahindi kwa mkokoteni, iwe Bungoma au Kitale, punda ndiye ofisi. Ofisi ikifungwa siku tatu, hakuna doo. Na punda huficha maumivu kuliko farasi. Ukimwona anachechemea, jua ameumia kitambo.

Anza na mgongo. Uti wa mgongo hauna nyama ya kuukinga juu, kwa hivyo tandiko lilale pande mbili, likiacha nafasi katikati. Kamba ya nailoni ikisugua ngozi yenye jasho hukata kama kisu butu. Blanketi kuukuu lililokunjwa vizuri linasaidia, lakini lifuliwe, maana jasho likikauka hukwaruza. Ukiona nywele nyeupe mahali tandiko hukaa, hapo palishawahi kuumia. Bonyeza kwa vidole kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akijikunja kwa maumivu, mpe likizo.

Kisha tazama mzigo. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukijazwa mbele, mgongo ndio unaobeba. Ukijazwa nyuma, miti yake inainuka na kuvuta mkanda wa tumbo. Magunia mazito yakae juu ya ekseli. Hii haigharimu hata bob moja.

Miguu je? Mtembeze bila mzigo kwenye ardhi ngumu. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda kila anapoukanyagia. Chokoa mawe na matope kwenye kwato kila jioni, na zipunguzwe na fundi anayejua, kila wiki 6 hadi 8 hivi. Panga la nyumbani liache lifyeke nyasi.

Kupata punda mwingine si mchezo: jike hubeba mimba karibu mwaka mzima. Biashara ya ngozi nayo iliwapunguza, hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji 2020. Mahakama ilibatilisha marufuku hiyo 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Sheria pia ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa na kidonda. Kidonda kikishafunguka, mvue tandiko, kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, umwite daktari wa mifugo. Oili chafu ya gari, ambayo wengine bado hupaka, humchoma tu.