Upepo Unavuma, Mbona Mitambo Mingine Imesimama?

Kaunti ya Marsabit ndiyo nyumbani kwa mradi mkubwa zaidi wa kawi ya upepo nchini. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana ina uwezo wa kuzalisha megawati 310. Hata hivyo, wakazi huuliza: kwa nini mingine husimamishwa upepo ukivuma? Na mbona nyaya zinapita juu ya manyatta zisizo na stima?

Gridi haina ghala

Umeme unaozalishwa lazima utumike papo hapo. Uzalishaji ukizidi au ukipungukiwa na matumizi, mzunguko wa umeme hutoka kwenye kiwango chake cha herzi 50, mitambo hujizima ili isiharibike, na nchi inaweza kubaki gizani.

Matumizi nchini hupanda jioni, watu wanapowasha taa na kupika, kisha hushuka sana baada ya saa sita usiku. Upepo wetu, unaobanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, huvuma kwa nguvu hasa usiku, wakati wateja wamelala. Mvuke wa Olkaria nao hutiririka mchana na usiku. Ndipo wasimamizi wa gridi huagiza mitambo ya upepo ipunguzwe.

Upotevu huo una bei. Chini ya mkataba wa miaka 20, Kenya Power hulipia hata umeme uliokuwa tayari kuzalishwa lakini haukuchukuliwa.

Suluhisho ni gani?

Kwanza ni mabwawa ya Mto Tana: upepo ukivuma maji huhifadhiwa, ukitulia hufunguliwa. Pili ni nyaya za kuuziana umeme na Ethiopia na Tanzania. Tatu ni betri kubwa, na nne ni bei nafuu usiku kwa viwanda. Utabiri mzuri wa upepo pia huwapa wasimamizi muda wa kujiandaa.

Laini ni muhimu kama mitambo yenyewe. Mitambo yetu ilikamilika mwaka 2017, lakini umeme uliingia kwenye gridi Septemba 2018 tu, baada ya laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, Kaunti ya Narok, kukamilika.

Na manyatta yetu?

Laini hiyo ni kama bomba kuu la maji: huwezi kuchota kwa kikombe. Nguvu yake lazima ipunguzwe kwenye kituo cha transfoma, kisha nyaya ndogo zisambazwe vijijini. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika, sola mara nyingi hufika haraka zaidi.

Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi zao na kutaja shule, zahanati na visima vinavyohitaji umeme kwanza.