Vidole Vitatu Kutoka Kifundo cha Mkono

Dawa ya saratani ya matiti ikishaingia mshipani, kichefuchefu hakikawii kubisha hodi. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2017 ulikubali jambo jepesi liongezwe juu ya dawa za kuzuia kutapika: pima vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, kisha bonyeza katikati ya kano mbili.

Katika mwongozo huo, kutafakari kulipata alama ya juu kabisa, kwa kupunguza wasiwasi na huzuni.

Lakini si kila nyongeza ni salama. Asetili-L-kanitini, inayouzwa kama kirutubisho, ilizidisha ganzi ya mikono na miguu inayoletwa na dawa ya saratani, ganzi iliyodhaniwa ingeipunguza. Hatari kubwa zaidi ni kuikimbia hospitali: katika utafiti wa Yale uliochapishwa 2018, wagonjwa wa saratani ya matiti waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya wenzao waliopata tiba ya kawaida ya hospitali.