Usalama wa Mtaa Huanza Mlangoni

Mzazi wa mashambani akiagana na mwanawe aendaye Nairobi kutafuta kazi, humpa nauli na chakula cha njiani, kisha humwambia, "Jihadhari na wezi." Maneno hayo ni ya busara, lakini hayatoshi. Kijana huyo hatakaa njiani siku zote. Atapanga chumba katika mtaa fulani, na amani yake itategemea jinsi majirani wa mtaa huo wanavyoishi pamoja. Leo twawaeleza wasomaji wetu habari za mtaa mmoja, Dandora, ambao kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa hofu, lakini sasa una mafundisho kwa kila mtu.

MTAA ULIOPANGWA

Dandora iko upande wa mashariki wa Nairobi, mwendo wa kilometa 10 hivi kutoka katikati ya jiji. Haikuanza kama kijiji cha vibanda. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilipata mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja 6,000 vikakusudiwa kwa watu wenye mapato madogo. Kila mwenye kiwanja alipata maji na choo, naye akatakiwa kujijengea vyumba kidogo kidogo. Nyumba nyingi zilizunguka nyua za pamoja, mahali pa watoto kuchezea na majirani kukutana.

Baadaye mambo yaligeuka. Wapangaji waliongezeka, nyumba ndogo zikawa ghorofa, na huduma za Baraza la Jiji zikazorota. Takataka za jiji zilimwagwa katika jaa kubwa lililo kando ya mtaa. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba jaa hilo limejaa, lakini malori hayakukoma kuja. Nyua nazo zikajaa uchafu. Kila mwenyeji alifagia mlangoni pake na kukomea hapo, kwa maana ua ulikuwa wa wote, na kwa hiyo haukuwa wa mtu. Mahali penye giza, pasipopitwa na watu, ndipo mwizi apendapo kusimama. Vijana wengi hawakuwa na kazi. Baadhi yao wakaingia katika ujambazi, wakafa wangali wadogo.

VIJANA WASHIKA FAGIO

Katika miaka ya 2010 vijana wa Dandora wenyewe waliamua kuanza na uchafu ulio mbele ya macho yao. Kikundi kiitwacho Dandora Transformation League kiliwaongoza wenzao kusafisha nyua, kupanda miti na maua, na kupaka kuta rangi. Ua mmoja uitwao Mustard Seed ukawa mfano kwa nyua nyingine. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yapo Gigiri, nalo lilishiriki katika kazi ya kutengeneza barabara moja ya mtaa huo iwe ya mfano. Wenyeji walichanga fedha kidogo ili vijana waendelee kufagia na kulinda.

Msomaji huenda akauliza: fagio na usalama vina uhusiano gani? Jibu ni rahisi. Ua ukiwa safi watoto hucheza humo, wazee huketi, na mama huanika nguo. Macho yao ndiyo walinzi wa kwanza, nao humtambua mgeni mara aingiapo. Tena kijana apataye riziki yake katika ua hawezi kumruhusu mwizi auharibu.

Hatusemi kwamba wezi wamekwisha Dandora. Twasema kwamba ua uliotunzwa si kichaka cha kuvizia watu.

TAA NA NJIA

Jambo hili huwagusa wanawake zaidi. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya wanawake wa vitongoji duni vya Nairobi, likaeleza kwamba wengi waliogopa kwenda chooni usiku, kwa kuwa vyoo vilikuwa mbali na hatari ya kushambuliwa ilikuwa kubwa. Basi taa moja inayowaka, na choo kilicho karibu, ni ulinzi pia, sawa na lango la chuma.

KUPIGA RIPOTI

Watu wengi wakiibiwa hunyamaza. Husema, "Nitapoteza siku nzima bure." Lakini uhalifu usioandikwa hauingii katika hesabu ya polisi, na mtaa ulionyamaza huonekana kama mtaa wenye amani. Basi nenda kituoni, eleza habari yako, wala usiondoke bila namba ya O.B. Kwa jambo la haraka, piga simu 999 au 112. Na askari akikutendea vibaya, ipo halmashauri ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo kazi yake ni kuchunguza malalamiko juu ya polisi.

Tangu mwaka 2013 Serikali ya Kenya imewahimiza watu wafuate mpango wa Nyumba Kumi, ambao asili yake ni Tanzania. Majirani hujuana, huchagua viongozi wao, nao hushirikiana na chifu na polisi. Mpango huu ni mzuri ukitumika kwa haki. Usiwe njia ya kumchongea jirani uliyekosana naye.

Wala mtu asichukue sheria mkononi. Mara ngapi kelele za "Mwizi! Mwizi!" zimemwua mtu asiye na hatia? Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vingine. Umati wenye mawe hauna hakimu, na mama wa aliyeuawa hana mahali pa kukata rufani.

Karani arudipo nyumbani jioni, na ajue majina ya majirani zake, na afagie ua pamoja nao. Mkulima naye, amwagapo maneno ya kuaga masikioni mwa mwanawe, aongeze neno moja: "Ukifika huko, wajue jirani zako, nao wakujue." Mwizi huogopa mlango mmoja wenye kufuli, lakini huogopa zaidi mtaa ambao watu wake wanajuana.