Rubani Kijana na Shirika Jipya la Ndege

Kila linapozaliwa shirika jipya la ndege katika Afrika Mashariki, kabla abiria hawajapata kuzijua rangi za mkia wake, marubani vijana huwa wamekwisha kupeleka barua zao za maombi. Wala si ajabu, kwani kijana aliyetoka chuoni na leseni ya urubani wa biashara na saa 200 za kuruka, ambazo aghalabu zimelipiwa kwa shamba la ukoo lililouzwa au kwa mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya wazazi, hana milango mingi ya kubisha. Mashirika makubwa humtaka awe na saa nyingi, na saa nyingi hazipatikani ila kwa kuajiriwa na mtu aliye radhi kumpokea mwenye saa chache. Shirika jipya humpokea. Humpa sare, humpeleka kujifunza aina ya ndege asiyoijua, na humwahidi kwamba, kwa kuwa hapana wakongwe waliomtangulia katika orodha, baada ya miaka michache atahamia kiti cha kushoto awe rubani mkuu. Ahadi hiyo mara nyingi ni ya kweli, na anayeidharau hajapata kuonja kiu ya saa za kuruka. Siandiki haya ili nimkatishe mtu riziki yake. Muradi wangu ni kuipima hatari ya kazi hii kwa mizani iliyo sawa, kwa sababu naona vijana wengi, na wazazi wao pia, wanaipima kwa mizani isiyo yake.

Hatari inayotajwa na kila mtu ni kwamba shirika litakufa. Hatari hiyo ipo, na historia yetu imeishuhudia tangu zamani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoasisiwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, halikuwa changa lilipovunjika mapema mwaka 1977. Lilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na halikuokolewa na umri huo. Mwezi Novemba 2012 Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari zake kwa kuwa fedha zake, zipatazo dola milioni 2 za Marekani, zilikwama katika mabenki ya Sudan Kusini, zikawa mali isiyoweza kununua hata pipa moja la mafuta Nairobi. Tarehe 29 ya mwezi huohuo Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319 zenye viti 156, kwa nauli iliyoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawakuwahi kupanda ndege tangu kuzaliwa wakapanda. Miaka sita baadaye, Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kusudio la kuiondolea leseni kwa sababu za madeni, na ndege zake zikakoma kuruka.

Kisa cha Air Uganda hakitajwi sana na vijana, nacho ndicho ningependa wakitafakari. Shirika hilo lilianza kuruka mwaka 2007 likiwa na mfuko wa Aga Khan nyuma yake, yaani halikuwa mtoto wa maskini. Mwezi Juni 2014, baada ya wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kuona upungufu katika usimamizi wa mamlaka ya Uganda yenyewe, mamlaka hiyo iliondoa vyeti vya uendeshaji ilivyokuwa imevitoa, na Air Uganda ikaamka haina ruhusa ya kuruka; haikurudi tena angani. Basi rubani anayechunguza mtaji wa mwajiri wake na asiichunguze serikali itakayompa mwajiri huyo cheti amechunguza nusu ya jambo.

Hata hivyo, kufa kwa shirika, japo kunaumiza, sikuhesabu kuwa ndiyo hatari iliyo kubwa. Saa alizoruka kijana zimeandikwa katika daftari lake, nazo hazifi na shirika. Idhini ya kurusha aina fulani ya ndege ni yake, na kama ndege hiyo inatumiwa na mashirika mengi duniani, milango inaongezeka. Lililo baya kuliko kufa ni kudumaa. Shirika lenye ndege mbili, moja ikiwa imelala karakana kungoja vipuri, linaweza kuwa na marubani kumi wanaolipwa nusu mshahara kwa kukaa chini, ilhali kanuni inamtaka rubani awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ndipo aruhusiwe kubeba abiria, na gharama ya kuihuisha leseni na cheti cha afya haimngoji mtu apate kazi. Kijana anayeuliza mshahara kabla hajauliza ataruka saa ngapi kwa mwezi amelitanguliza swali dogo. Na lazima tuseme kwa insafu kwamba mbegu nyingine huota: Precision Air ilianza Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ndege ya Piper Aztec yenye viti vitano, na mwaka 2011 hisa zake ziliuzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Waliojiunga nayo ilipokuwa changa hawakupotea.

Hatari ninayoiogopa mimi hukaa katikati, baada ya shirika kuugua na kabla halijafa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, na viambatisho vyake, umempa rubani mkuu kauli ya mwisho juu ya ndege yake: hapana mkurugenzi, wala mwenye mali, wala waziri awezaye kumlazimisha kuruka akisema hairuki. Lakini kauli hiyo huandikwa kwa wino, na hutamkwa na mtu mwenye njaa na deni. Mtazame alfajiri, kabla ya safari ya kwanza, amesimama chini ya ubawa na daftari la ufundi mkononi. Ukarabati wa hitilafu moja umeahirishwa, kisha ukaahirishwa tena. Fundi anamwambia kwa sauti ya chini kwamba kipuri kimeagizwa, naye anajua kwamba muuzaji hajalipwa. Gari la mafuta limesimama mbali kidogo, maana dereva wake ameagizwa asiunge mpira kabla ya kuonyeshwa risiti ya benki. Abiria wamekwisha kupita ukaguzi. Mshahara wa mwezi uliopita haujaingia, na katika sanduku la ofisi uko mkataba alioutia sahihi yeye mwenyewe, unaosema kwamba akiondoka kabla ya miaka mitatu au mitano atarudisha gharama yote ya mafunzo yake. Mtu huyo ana haki kamili ya kusema hapana. Je, ana uwezo wa kuitumia?

Kuna aliyeshindwa. Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya shirika dogo la LaMia, lenye makao Bolivia, iliondoka Santa Cruz kwenda Medellín, Kolombia, ikiwa na watu 77, wakiwamo wachezaji wa klabu ya Chapecoense ya Brazili waliokuwa wakienda kucheza fainali. Katika karatasi ya mpango wa safari muda wa kuruka uliandikwa saa 4 na dakika 22, na muda ambao mafuta yangedumu uliandikwa saa 4 na dakika 22. Hapakuwa na akiba ya kuzunguka uwanjani wala ya kukimbilia uwanja mwingine, ijapokuwa akiba hiyo ni sharti la sheria na ingaliweza kupatikana kwa kutua Bogotá. Mafuta yaliisha karibu na mwisho wa safari, na watu 71 wakafa. Rubani mkuu alikuwa mmoja wa wenye shirika. Kila nikizitazama namba hizo mbili zilizolingana nasadiki kwamba hazikukubaliwa na mtu asiyejua hesabu. Zilikubaliwa na mtu ambaye mfuko wake ulikuwa umekaa kiti kimoja na leseni yake.

Kwa hiyo namshauri kijana aendapo kwenye usaili asione haya kuuliza. Cheti cha uendeshaji hupatikana kwa hatua tano, tangu mazungumzo ya awali, kupitia safari za majaribio mbele ya wakaguzi, hadi kutolewa kwa cheti chenyewe: shirika limefikia ipi, na mishahara inaanza kabla ya cheti au baada yake? Ndege ni za kwao au za kukodi, na mwenye ndege akizitaka, zitaondoka kwa taarifa ya siku ngapi? Nani anayejibu mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa jina lake, naye amewahi kuendesha nini? Kisha awatafute marubani wawili watatu waliokwisha kuondoka, awaulize jambo moja tu: ni lini mara ya mwisho mtu alikataa kuruka, na alifanywa nini kesho yake. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko hesabu zote za wakaguzi wa fedha.

Na mkataba wa mafunzo ausome na wakili, si na rafiki. Kifungu kinachomdai gharama yote hata shirika likishindwa kumlipa mshahara, au likifungwa, kifutwe. Kinachosema deni linapungua kila mwezi anaotumikia kiandikwe wazi. Na kiongezwe kingine, kwamba kukataa kuruka kwa sababu ya usalama si kosa la kazi. Mwajiri mwenye nia njema hatapoteza kitu kwa kuyakubali hayo. Akiyakataa, kijana na aende Arusha au Mwanza kwenye Cessna Caravan za injini moja, arushe watalii na mizigo kwenye viwanja vya vumbi, ambako saa huongezeka polepole na mshahara ni haba.