Farasi na Watu Waliopooza

Watu humtumia farasi kwa kazi nyingi: kuvuta gari, kulima, kusafiri, na zamani kwenda vitani. Lakini iko kazi nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuwasaidia watu wenye viungo visivyo na nguvu. Habari za kazi hiyo zilienea sana kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Denmark, jina lake Lis Hartel.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1921, akawa hodari wa kupanda farasi tangu ujana wake. Mwaka 1944, alipokuwa na umri wa miaka 23, naye ni mja mzito, alishikwa na polio, ugonjwa udhuruo mishipa ya fahamu na kuvifanya viungo vipooze. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama hakuweza kusimama. Je, mtu wa namna hiyo aweza kupanda farasi tena? Wengi wangejibu kwamba haiwezekani. Lakini wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alianza kujifunza upya kama mtoto mchanga: kuinua mkono, kutambaa, kisha kwenda kwa magongo. Nguvu zikamrudia kidogo kidogo, ila chini ya magoti hazikurudi kamwe. Hata hivyo alirudi kwa farasi, akipandishwa na kushushwa na watu.

Mwaka 1952 alikwenda Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kwenye Michezo ya Olimpiki. Shindano lake lilikuwa la kumwongoza farasi aende, akimbie na kugeuka kwa ustadi mbele ya waamuzi. Mwaka huo ndio wa kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika shindano hilo. Wapandaji wengine humwamuru farasi kwa miguu. Yeye alimwamuru kwa mgongo na uzito wa mwili wake. Farasi wake, Jubilee, alimfahamu vema, na Lis akapata nishani ya fedha. Mwaka 1956 akaipata tena, mjini Stockholm.

Sasa tuulize, farasi amsaidiaje aliyepooza? Hapana uchawi hapa. Kwanza ni mwendo wake. Mtu aendapo kwa miguu, nyonga zake hupanda na kushuka, huenda mbele na nyuma, tena hugeuka kidogo huku na huku. Farasi aendapo polepole, mgongo wake humtikisa mpandaji kwa namna iyo hiyo. Basi hata asiyeweza kutembea, kiwiliwili chake hufanya mazoezi ya kutembea. Pili, kwa kila hatua mpandaji hana budi kujiweka sawa asianguke, na hivyo mgongo na tumbo hupata nguvu. Tatu, joto la mnyama na mwendo wake wa taratibu hulegeza viungo vilivyokakamaa. Nne ni faida ya moyo. Aliyezoea kutazamwa kutoka juu, sasa yeye ndiye awatazamaye wenzake kutoka juu. Aliyezoea kubebwa na kuamriwa, sasa huamuru mnyama mkubwa, naye akatii.

Lakini kazi hii yataka hadhari. Farasi huchaguliwa aliye mpole, asiyeshtuka upesi. Mtu mmoja humwongoza mbele, na wengine huenda ubavuni ili wamshike mpandaji akiyumba. Tena daktari huulizwa kwanza, maana wako wasiofaa kupanda, kama wale ambao mifupa yao huvunjika upesi. Wala tusidhani kwamba farasi huondoa ugonjwa. Lis Hartel alifariki mwaka 2009, na miguu yake haikupona.

Hata hivyo mfano wake uliwafungulia wengine njia. Mwaka 1969 viliundwa vyama vya kazi hii katika Uingereza na Marekani, na leo watoto na watu wazima katika nchi nyingi hupanda farasi kwa kutafuta nafuu.

Basi ninyi msomao habari hii, mkiwa na mwenzenu mwenye kilema, msikae kuhesabu mambo asiyoyaweza. Mwulizeni ni msaada gani umfaao. Lis Hartel alihitaji watu wa kumpandisha. Alipokwisha kukaa juu ya tandiko, kazi iliyobaki aliifanya mwenyewe.