Zima muziki kwanza: milio ya lori ambayo besi huificha
Na Mwandishi Wetu, Kampala

BUKOTO, Kampala. Niliingia Kampala kutoka Busia nikiwa nimekaa katikati ya dereva na mwenye mzigo, ndani ya Canter iliyojaa marobota ya mitumba ya kwenda soko la Owino. Tangu Iganga muziki ulikuwa juu. Nyuma ya viti kulikuwa na boksi la spika, na kila besi ilipopiga, dashibodi ilitetemeka, mlango wa kushoto ukalia kama debe tupu, na kioo cha pembeni kikanionyesha malori mawili badala ya moja.

Mama mwenye mzigo alivumilia hadi Mukono, kisha akamwambia dereva kwamba gari lake linaachana vipandevipande. Dereva akacheka. Kwake yeye tatizo lilikuwa plastiki tu, na alikuwa na fundi wake Bukoto wa kulimaliza. Basi tukashika Northern Bypass, barabara ya kilomita 21 inayopitisha malori pembeni ya jiji kutoka Bweyogerere hadi Busega, tukateremka kuelekea Bukoto, mtaa wa tarafa ya Nakawa ulio kati ya Kamwokya, Ntinda na Kisaasi.

Fundi hakuanza na bisibisi. Alizima redio, akapanda garini na kumwomba dereva apite polepole kwenye kipande cha barabara yenye mashimo. Plastiki zote zilinyamaza, lakini mlio mmoja ukabaki. Ulikuwa mzito, wa chuma kugonga chuma, na ulitoka chini upande wa nyuma. Waliporudi na fundi akalala chini ya gari, alikuta nati za boliti moja yenye umbo la U, ile inayofunga springi kwenye ekseli, zimelegea. Kwa jinsi tulivyokuwa tumepakia, springi ingeweza kuhama mahali pake na ekseli ikakaa upande. Tulikuwa tumesafiri saa kadhaa na onyo hilo, na muziki ulilifunika.

KWA NINI VITU HULIA

Sikio la binadamu husikia sauti kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000. Besi iko chini kabisa, takriban kati ya 20 na 200. Ili kutoa sauti hiyo, spika husukuma hewa nyingi mbele na nyuma, na ndani ya kichwa cha lori hewa hiyo hugonga kila kilichomo: bati la mlango, paa, dashibodi na kioo.

Kila kitu kina mwendo wake wa kutetemeka. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaofaa, ataruka juu bila wewe kutumia nguvu nyingi. Besi hufanya vivyo hivyo. Noti moja ikilingana na mwendo wa kipande fulani cha plastiki, kipande hicho kitalia kwa noti hiyo na kunyamaza kwa nyingine. Ndiyo maana wimbo mmoja hutikisa mlango na mwingine hautikisi, ingawa sauti ni ileile.

KUTAFUTA MLIO

Kanuni ya kwanza ndiyo tuliyoiona Bukoto. Mlio unaosikika muziki ukiwa umezimwa si wa besi, na haustahili sponji wala gundi. Kagua nati za magurudumu, boliti za springi, shokapu, krosi za propela na vishikio vya bomba la moshi kabla ya kugusa kitu kingine.

Mlio ukisikika pale tu muziki unapopigwa, anza kazi ya ndani. Toa kila kisichofungwa: sarafu kwenye kisahani cha majivu, spana chini ya kiti, chupa, thamosi, funguo za akiba. Si ajabu nusu ya kelele ikaondoka na vitu hivyo.

Kisha tafuteni watu wawili. Mmoja akae na redio na simu yenye programu ya kutoa sauti moja moja. Aanze na mitetemo 20 na kupanda taratibu hadi 200, sauti ikiwa ya wastani. Kitu kikianza kulia, asimame hapo. Wa pili, utingo au wewe mwenyewe, apitishe kiganja: dashibodi, mlango, paa, nguzo za kioo, kivuli cha jua, mkanda wa kiti. Mlio ukifa chini ya kiganja, umepata mahali. Weka alama kwa chaki na uendelee, kwa sababu mlio mmoja ukinyamaza mwingine huanza kusikika.

Zungukeni nje pia. Namba ya gari iliyofungwa kwa skrubu moja hulia kuliko dashibodi, na aliye ndani huapa kwamba mlio unatoka ndani.

KUTENGENEZA

Mengi huletwa na aliyefunga spika. Alivunja klipu za mlango alipokuwa akiufungua, akarudisha jalada kwa klipu tatu badala ya nane. Klipu ni kitu kidogo, na kwenye maduka ya vipuri kama ya Kisekka huwa zinapatikana. Peleka iliyovunjika kama sampuli.

Spika yenyewe isifungwe kwenye plastiki. Ifungwe kwenye chuma cha mlango kupitia pete ya plaiwudi, na kati ya spika na pete iwekwe sponji nyembamba. Ndani ya mlango, nyaya zifungwe pamoja zisigonge bati, na fimbo ya kitasa ivishwe utepe wa kitambaa. Bati pana linalounguruma hubandikwa mkeka mzito wa mpira wenye gundi. Si lazima kulifunika lote, kipande cha katikati hutuliza sehemu kubwa ya mtetemo. Plastiki inapokutana na plastiki, weka utepe wa feliti.

Yapo ya kukataa hata fundi akiyatoa kwa bei nafuu. Povu linaloumuka lisimwagwe ndani ya mlango, kwani huziba matundu ya kutolea maji na mlango ukaoza. Palipoandikwa kwamba kuna mfuko wa hewa wa ajali, pasibandikwe wala kujazwa kitu. Kitu chochote kinachoweza kudondoka kisiwekwe karibu na pedali. Na boksi la spika nyuma ya viti lifungwe kwa boliti. Likiachwa huru, siku ya breki ya ghafla litakuja mbele kwa kasi ileile ya gari.

UMEME NA SHERIA

Malori mengi, zikiwemo Canter nyingi kutoka Japani, hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Wapo wanaochukua umeme wa redio kwenye betri moja tu. Redio italia vizuri, lakini betri moja itachoka na nyingine itajazwa kupita kiasi, na asubuhi moja mpakani gari halitawaka. Tumia kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, na weka fyuzi karibu na betri.

Mvukaji mpaka akumbuke pia kwamba kelele ina sheria pande zote mbili. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2003. Kenya ina zake za mwaka 2009, ambazo zinagusa kelele pamoja na mtetemo uliozidi. Masikio nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda, muda huo hupungua haraka. Njia ya Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Safari moja na muziki wa juu inatosha kumaliza fungu hilo.

Madereva husema muziki huwaondolea usingizi, na siwezi kuwabishia wanaoendesha usiku. Lakini usingizi hutibiwa kwa kulala, na lori hujieleza kwa milio. Mfanyabiashara aliyekodi gari ana haki ya kuomba redio izimwe kwa dakika tano: wakati wa kuondoka sokoni, kabla ya kufika mpakani, na baada ya kipande cha barabara mbovu. Dakika hizo hazina gharama.

Nati zilikazwa, mlango ukapata klipu zake, na marobota yakafika Owino kabla ya giza. Dereva aliwasha tena muziki wake tulipotoka Bukoto. Tulipokanyaga shimo la kwanza, aliupunguza mwenyewe, akasikiliza, kisha akaongeza kidogo.